Kilima Kisichokuwepo

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja ndani ya beseni la barafu, nikimwambia mke wangu kwamba sitakimbia tena maishani. Nilikuwa nasema kweli. Ukweli huo ulidumu mpaka simu ilipolia.

Kwa aliyekosa ya nyuma, kwa ufupi ni haya. Mimi ni mpima ardhi katika ofisi ya mji. Nilianza mbio katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaanza kununua miwani ya kusomea. Nikakatika kano ya kisigino, ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu, mbele ya wakwe zangu, wakati nawapungia mkono. Nikavaa plasta. Nikanenepa. Chama cha wakimbiaji wa mtaani kikanitoa kwenye kundi lake la simu, wakasema ni kwa muda, na sikurudishwa. Nilipojaribu tena, nilimaliza nyuma ya gari linalokusanya koni za barabarani. Dereva alinipigia honi ya kunitia moyo.

Hapo ndipo beseni la barafu lilipoingia. Na hapo ndipo simu ilipolia.

Alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni wakili, na hajaona tangu utotoni. Wenzake mahakamani wanamwita Rada, na analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

"Shemeji," alisema, "miguu yako ipo?"

"Ipo."

"Yote miwili?"

"Mmoja na nusu."

"Inatosha. Nakuja."

Alifika kabla barafu haijayeyuka. Alikaa kwenye kiti cha chumbani kwetu kama yuko ofisini kwake, fimbo kati ya magoti, akaeleza shida yake. Aliyekuwa akimwongoza kwenye mbio amepata tetekuwanga, mtu mzima na ndevu zake, na haruhusiwi kusogea karibu na watu. Mbio za mji ziko karibu. Kundi la wasioona lina nafasi moja tu: atakayeshinda anaingia kwenye timu itakayosafiri kushindana nje.

"Kuna mwaka kesho," nilimwambia.

"Mwaka kesho magoti yangu yatakuwa ya babu. Ni safari hii au basi."

Mke wangu alikuwa mlangoni na taulo.

"Kaka, huyu anachechemea."

"Mimi mbona simwoni akichechemea?"

"Kaka, nasema kweli."

"Basi tumsikie daktari. Shemeji, daktari wako wa viungo alisemaje?"

Daktari alikuwa amesema hivi: unaweza kukimbia taratibu, usishindane. Nilikuwa nayakumbuka maneno yake yote, kwa mpangilio wake.

"Alisema naweza kukimbia," nilijibu.

Mke wangu alinitazama. "Malizia sentensi."

"Imeisha."

"Haya." Alinitupia taulo. "Lakini ukimwangusha kaka yangu, usije kunihadithia habari za kano."

Nieleze kwa nini nilikubali, maana wasomaji wengine mmeniandikia mkiniita mtu mwema. Sikuwa na wema wowote. Nilitaka kurudi barabarani, na chama kilikuwa kimenifungia. Mwongozaji wa asiyeona haombi nafasi kwa mtu. Anaingia na mtu wake. Tena nilijipigia hesabu yangu kichwani: mtu asiyeona atakimbia polepole, kisigino changu kitapumzika, na mimi nitavuka mstari nikipigiwa makofi.

Hesabu hiyo ilikufa asubuhi ya kwanza ya mazoezi.

Tulikutana kwenye uwanja wa shule. Rada alitoa mfukoni kamba ya kiatu iliyofungwa kitanzi kila ncha. Kitanzi kimoja akakishika yeye, kingine akanipa mimi.

"Usinivute," alisema. "Ukinivuta, wananitoa. Usitangulie mbele yangu mwishoni, wananitoa. Kamba ikiachwa, wananitoa. Tunatembeza mikono pamoja kama watu wanaobeba ndoo moja. Sawa?"

"Sawa."

"Kamba inaniambia tunaelekea wapi. Mdomo wako unaniambia kuna nini. Ukisema tuta, nainua miguu. Ukisema shimo, naruka bila kuuliza. Ukisema kilima, nafupisha hatua na kuinamia mbele. Sikupimi, sikuhoji. Mahakamani sijawahi kumwamini mtu hivyo."

"Na nikikosea?"

"Nitajua kwa pua."

Tukaanza. Baada ya mzunguko mmoja nilikuwa nimekwisha. Yule mtu alikuwa anakimbia kama anadaiwa na upepo, kifua mbele, kidevu juu, na mkono wangu ukiburutwa kama kopo lililofungwa nyuma ya gari.

"Shemeji," alisema bila hata kuhema, "unapumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka."

"Nazoea."

"Na hicho kisigino?"

"Shwari."

Hakikuwa shwari. Kila asubuhi kilikuwa kinaamka kabla yangu. Nilijifunza kushuka ngazi za nyumbani ubavu-ubavu, na mke wangu akiwa jikoni nilishuka nikiimba ili asisikie mwendo wangu. Naimba vibaya. Aliacha kuuliza, jambo ambalo kwa mke wangu ni baya kuliko kuuliza.

Siku moja kabla ya mbio niliitembea njia yote. Haikuwa lazima. Mji wetu ni tambarare kama meza, na mimi ndiye niliyeupima. Barabara ile nimeipigia darubini kutoka mwanzo hadi mwisho wakati wa kuchora mifereji, na naweza kuapa kwamba maji yakimwagika pale hayajui yaende wapi. Kitu kipya kilikuwa kimoja. Karibu na mwisho barabara inapinda kushoto, na ndani ya kona hiyo, upande huohuo wa kushoto, mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro. Ulikuwa na kina cha kumzidi mtu mzima kifua, na chini kulikuwa na mabomba ya chuma. Mkimbiaji alitakiwa aende moja kwa moja hadi kwenye koni, ndipo apinde. Atakayekata kona atauingia.

Walikuwa wamezungusha utepe wa plastiki. Nikaona unatosha.

Jioni nilimweleza Rada.

"Utaniambia tukifika?" aliuliza.

"Nitakuambia."

"Basi nimeshausahau. Ni wako huo."

Mke wangu alisema atasimama kidogo baada ya kona hiyo, na maji, kwa sababu mwishoni kuna msongamano. Mama wa nyumba ya jirani alimwambia awahi, watu watajaa.

Asubuhi tulisimama kwenye mstari na kundi letu. Mpinzani wa kweli alikuwa mmoja, fundi redio, mwanamume mfupi mwenye mapaja ya mcheza mpira, akiongozwa na binti yake. Binti huyo ana sauti kama kengele ya shule. Ukiwa upande wa pili wa uwanja unamsikia.

"Wakili," fundi redio alisema, "mwaka jana nilisikia ulibaki njiani."

"Mwongozaji wangu alichoka. Huyu ni shemeji yangu, akichoka dada yangu atamfukuza."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha Rada akaniinamia, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mwaka jana yule bwana aliiachia kamba akakaa chini. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya barabara, watu wananipita kulia na kushoto, mpaka mama mmoja akaja kunishika mkono kama mtoto aliyepotea sokoni. Safari hii namaliza, shemeji. Wahesabu, wasihesabu, namaliza kwa miguu yangu."

"Tutamaliza," nilimwambia.

Filimbi ikalia.

Nusu ya kwanza sina la kusema. Tulikimbia vizuri. Mikono ilikwenda pamoja, ndoo yetu haikumwaga tone. Nilisema tuta, akainua miguu. Nilisema maji, akanyoosha mkono na kikombe kikatua humo. Fundi redio alibaki nyuma mpaka kengele ya binti yake ikawa mbali, na kwa mara ya kwanza tangu plasta nilipita mbele ya watu wanaotazama bila kutamani kujificha. Wanachama wa kile chama walikuwa kando ya barabara. Mmoja aliniita kwa jina langu la utani la zamani. Nikajikaza, nikaongeza mwendo ili wanione vizuri.

Hilo lilikuwa kosa. Kisigino kilianza kuwaka moto muda mfupi baadaye.

Kwanza kiliwaka kama kawaida. Kisha nyuma yote ya mguu ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Kila hatua ndefu ya Rada ilinilazimu nami nipige hatua ndefu, na kila hatua ndefu iliunyoosha ule mshipa mahali palepale ulipokatika.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Naumwa. Ni neno fupi, hata mtoto analiweza.

Nikasema, "Kilima."

Rada alifupisha hatua. Akainamia mbele, akavuta mikono, akapanda. Alipanda kwa bidii kilima ambacho hakikuwepo, kwenye barabara niliyoipima mwenyewe, na kisigino changu kikapata nafuu.

"Kirefu?"

"Kirefu kidogo."

"Sikumbuki kama kuna kilima huku."

"Ni kile cha karibu na maghala."

Maghala yapo. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli.

Tukaendelea kupanda. Nyuma yetu kengele ikaanza kusikika tena. "Baba, wapo mbele, wamelegea. Twende, baba." Nilijua nikimwambia Rada tumefika juu, atafyatuka. Nikanyamaza. Nikahesabu kwamba tukipanda mpaka kwenye bango la tangazo la rangi lililokuwa mbele, mguu utakuwa umetulia.

Mwendesha baiskeli wa waandaaji akatupita, fulana ya njano, akiangalia huku na huku. Alikwenda zake.

"Shemeji," Rada alisema.

"Naam."

"Bado tunapanda?"

"Bado."

"Huyo aliyetupita alikuwa na baiskeli?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anakwenda tulikokuwa tunakwenda sisi?"

"Ndiyo."

"Baiskeli yake ilikuwa inalia tiki-tiki-tiki. Gurudumu la baiskeli linalia hivyo mtu akiacha kukanyaga. Sasa nisaidie mimi nisiyeona. Ni nani anayepanda kilima bila kukanyaga?"

Nimeshaitwa mahakamani mara kadhaa kutoa ushahidi wa mipaka ya viwanja, najua kukaa kizimbani. Hapo nilijua kesi yangu imekwisha.

"Barabara hii ni tambarare," alisema.

"Ndiyo."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

"Kisigino."

"Ndiyo."

Hatukuwa tumesimama. Alikuwa amerudisha hatua zake ndefu na mimi nazifuata, kila moja ikinitoa machozi ambayo, kwa bahati, yeye hakuweza kuyaona.

"Ungesema unaumwa, ningepunguza," alisema. "Ningelalamika, ningekutukana mpaka jioni, lakini ningepunguza. Wewe umeniinamisha mbele za watu kama punda anayepanda mlima. Nimewasikia wakicheka pale, nikadhani wanacheka mambo yao."

"Nisamehe, shemeji."

"Baadaye. Sasa funga mdomo wako. Nitafuata kamba tu. Kamba haina kisigino."

Nikafunga mdomo. Tulikimbia hivyo, kimya, kwa mwendo ambao sikuwa nao. Mbele niliziona koni za kona, na nyuma yake watu wengi kuliko nilivyotarajia. Wameshangilia kila anayepita tangu asubuhi, wamechangamka. Utepe wa plastiki niliouona jana haukuwa mahali pake. Watazamaji walikuwa wameung'oa, wakaufunga kati ya baiskeli mbili ili kujiwekea mpaka wasisukumwe barabarani. Mtaro ulikuwa wazi, mdomo juu.

Ng'ambo ya mtaro, kwenye ukingo wa barabara baada ya kona, nilimwona mke wangu. Alikuwa amevaa kitambaa chekundu kichwani, chupa ya maji mkononi, anatutafuta kwa macho.

Nikavuta pumzi ili niseme "mtaro." Nilisema nitamwambia.

Mtu akanipiga teke la nyuma ya mguu.

Mara ya kwanza, zile siku za wakwe, niligeuka kumtafuta aliyenipiga. Safari hii sikugeuka. Nilijua hakuna mtu. Nilianguka kwa mikono na magoti, kitanzi kikachomoka kidoleni, na mguu wangu wa kulia chini ya goti ukawa kitu kinachoning'inia tu.

Rada alikwenda hatua chache, akasimama. Kamba ilikuwa inaburuta pembeni yake.

"Umeiachia?"

"Nimekatika."

"Umekatika nini?"

"Kano. Imekatika tena. Siwezi kusimama."

Aliinamisha kichwa upande. Wallahi nilijua anachokisikiliza: alikuwa anaisikiliza sauti yangu, anaipima.

"Imekatika," alisema polepole, "kama kile kilima kilivyopanda?"

"Shemeji, hii ni kweli."

"Na kile kilima nacho kilikuwa kweli. Cha karibu na maghala."

Kengele ikatufikia. Binti wa fundi redio alinikwepa kwa ustadi, akamkwepa na Rada aliyesimama katikati ya barabara. "Nyooka, baba. Nyooka mpaka koni. Haya sasa, kushoto. Kushoto kabisa. Vizuri, nyooka, nyooka." Wakapinda. Sauti yao ikaanza kusikika kutoka upande wa kushoto, ng'ambo ya mtaro, na makelele ya watu yakawafuata.

Niliona uso wa Rada ukigeuka pamoja na sauti hiyo. Nikaelewa anachotaka kufanya kabla mguu wake haujainuka.

"Usiende," nilisema. "Shemeji, usiende. Simama hapohapo, nitakuja."

"Utakuja na nini? Si umekatika?"

"Nitatambaa."

"Mwaka jana nilisimama," alisema.

Akaenda.

Nimefanya kazi ya kupima kwa muda mrefu, na macho yangu huchora mistari hata nisipotaka. Huku alikuwa Rada. Kule ilikuwa sauti ya kengele, imeshapita kona. Mstari kati yao ulinyooka, na katikati yake ulikuwepo mtaro.

"Mtaro!" nilipiga kelele. "Mbele yako kuna mtaro! Simama!"

Alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu aliinua mkono ulioshika kamba, bila kugeuka, kama mtu anayemfukuza nzi.

"Ule wa jana jioni? Na huo nao ni mrefu kidogo?"

Nilitambaa. Lami ilinichuna viwiko. Niliwapigia kelele watu wa upande ule, wale waliojifungia na utepe, na walichokiona wao ni mkimbiaji aliyeanguka anayemtia moyo mwenzake. Wakapiga makofi kwa nguvu zaidi. Mmoja alinionyesha dole gumba.

Rada alikuwa anakimbia vizuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Alikimbia wima, hatua ndefu, bila kamba, bila mtu, na kama ningekuwa mtazamaji nisiyejua kitu ningempigia makofi hata mimi.

Kisha, karibu na kona, akasita. Nadhani makofi yalikuwa yameimeza kengele. Alikuwa amepoteza sauti aliyokuwa anaifuata. Hatua zake zikawa fupi. Mkono mmoja ukanyooka mbele. Akapunguza mwendo mpaka akawa anatembea, na nikaona anaanza kunigeuzia uso, mimi niliye chini, kama mtu anayetaka kuuliza swali moja la mwisho.

"Hapo hapo," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imekwisha. "Hapo hapo, shemeji."

Ng'ambo, mke wangu alikuwa ameshatuona. Alimwona kaka yake peke yake barabarani, kamba ikiburuta. Alimwona mumewe chini. Chupa ya maji ilimdondoka. Macho yake yalikuwa kwa kaka yake, na hayakushuka hata kidogo kwenye mtaro uliokuwa miguuni pake mwenyewe.

"Kaka!" aliita.

Uso wa Rada ukafunguka. Katika barabara ile yote hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ambayo haijawahi kumdanganya. Akaiacha yangu, akageukia kushoto, akanyoosha kifua, na kuanza kukimbia kuelekea kwa dada yake.